Pompe Tuliyoigawa kwa Wawili

Kabange, mwanangu,

Ni mama. Sitakuuliza habari zako, maana ukinijibu nitaogopa, na usiponijibu nitalia. Basi nikupe zangu tu.

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia. Ni mchana. Kyungu yuko shule, Nkambo, bibi yenu, amepeleka mihogo sokoni. Hii ndiyo saa pekee ambayo hakuna mtu wa kuniangalia uso. Ninaandika katika daftari lako la mwaka wa kwanza. Uliacha kurasa nyingi nyeupe, na mimi sikuweza kumpa mtoto mwingine.

Tangu uondoke ni mwaka na miezi mitatu, na sijakulilia mbele ya watu hata siku moja. Mama wa mapasa, aliyezaa pacha, halii mpasa wake akiondoka. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa msichana, lakini sikujua kama itanifikia. Siku ile uliporudishwa nyumbani, wamama wa kambi ya reli walikuja na nyimbo zilezile za matusi walizotuimbia siku mlipozaliwa, wewe na Kyungu. Walipiga makopo, walinitukana mimi na baba yenu huku wanacheka, maana ndivyo inavyotakiwa, ili usiondoke na hasira ukamvuta mwenzako. Nami nilicheza, Kabange. Wewe ulikuwa umelala kwenye mkeka na soksi zako za Krismasi, na mimi nilicheza. Jirani yetu Mama Ngoie alinifuta jicho na kona ya kitenge chake kabla Nkambo hajaona, akasema ni vumbi.

Padre aliniambia naruhusiwa kulia. Lakini padre haishi nyumbani kwetu.

Hata neno kufa hatulisemi. Tunasema Kabange amerudi. Sahani yako bado natoa. Nikimwekea Kyungu ugali wa bukari na mboga ya sombe, naweka na donge dogo kwenye sahani yako ya bati, halafu Kyungu anakula zote mbili na kusema umeshiba. Nikinunua kitambaa cha nguo yake, nakata na kipande chako. Viko kwenye sanduku, vipande vitatu sasa. Baba yenu akija kutoka kazini kwenye reli Jumamosi jioni anaviona, anafunga sanduku polepole, anatoka nje. Hatujawahi kuongea juu yako, mimi na yeye. Anakaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine, kila mtu na Kabange wake.

Kuna jambo sijamwambia yeye wala mtu mwingine, na ndiyo sababu ya barua hii. Lakini acha nianze mbali kidogo, unipe nguvu.

Unakumbuka pumu yako ilivyoanza? Ulikuwa na miaka mitatu. Ulikuwa ukikimbia mpaka kwenye bomba la maji, unarudi kifua kinapiga filimbi, na Kyungu anakuiga kwa midomo, mnacheka wote. Sisi tulidhani ni mafua. Kila wakati wa baridi tulisema ni baridi, na wakati wa mvua tulisema ni mvua. Siku ulipokaza shingo ukaniambia, "Mama, mupepo inakataa kuingia," ndipo tulipokupeleka hospitali. Walikupa mupepo wa mashine, ukapona siku ileile. Walituambia ni asme, ndiyo pumu, walituambia turudi baada ya wiki mbili tupewe dawa ya kila siku. Hatukurudi. Ulikuwa unakimbia, unakula, unapigana na Kyungu juu ya kiti. Nani anampeleka hospitali mtoto anayepigana? Nilidhani ugonjwa huu ni mgeni, anakuja, anaondoka. Sikujua kwamba alikuwa amekaa ndani ya kifua chako siku zote, hata siku zile ulizokuwa unaimba.

Halafu baba yenu akapata pompe ya kuvutia dawa. Ilitoka Lubumbashi na treni, fundi mwenzake aliileta ndani ya kopo la maziwa, imefungwa na gazeti. Ya buluu. Ulivuta mara mbili, filimbi ikanyamaza, na Nkambo akapiga magoti palepale sakafuni. Tuliipenda ile pompe kama mtu. Na tuliiogopa pia. Mama Ngoie alisema inaharibu moyo, mwingine alisema mtoto atazoea, hataweza kuishi bila hiyo. Kwa hiyo nilikuwa nangoja. Ukianza kukohoa nilikuwa nakuambia vumilia kidogo, mwanangu, tuone kama itapita. Nilikupa pale tu niliposhindwa kukuangalia.

Na kila nilipokupa wewe, nilimpa na Kyungu.

Nkambo hakunilazimisha. Alisema mara moja tu, siku ile ya kwanza, na hakusema kwa ubaya: "Ukipatia moja, patia na mwenzake. Ule wa kukosa atakasirika, atarudia kwenye alitoka." Ningebisha nini? Ndivyo nilivyowalea. Viatu viwili, ndizi mbili, kipigo kwa mmoja na kofi dogo kwa mwingine ili asione ameachwa. Mlikuwa mnapanga mstari mbele yangu, vinywa wazi kama vifaranga. Wewe kwanza, pff. Kyungu, pff. Yeye alikuwa anajaza mashavu, anashika pumzi, anatembea chumba kizima akijifanya puto, mpaka unamchekea ukiwa bado unatafuta hewa. Nilifurahi kuwaona hivyo. Nilisema moyoni, Mungu ameniona, mapasa wangu hawaoneani wivu.

Sasa nikuambie siku yenyewe. Uliiona, lakini hukuiona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, baridi ile ya kuuma vidole. Shuleni walisema mpigapicha atakuja saa sita, watoto wote waje na sare safi. Nilifua asubuhi mapema, na kwa kuwa nguo hazingekauka, niliingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, nikatundika sare zenu juu yake. Makaa mengine nikayatia kwenye pasi. Nilifunga mlango na dirisha joto lisitoke. Mimi ndiye niliyefunga. Nje vijana walikuwa wanachoma tanuru la matofali tangu Alhamisi, moshi ulijaa njia nzima. Ndani Nkambo alikuwa anafagia. Ninyi wawili mmekaa kitandani na fulana, mnangoja sare, mnabishana nani atasimama upande gani kwenye picha.

Saa nne ulianza. Nilichukua pompe upesi, siku ile sikungoja. Wewe, pff. Kyungu alikuwa tayari amefungua kinywa, nikampa. Wewe tena. Yeye tena. Sikuwa hata nafikiri, mkono ulikwenda wenyewe kama unavyozoea kugawa chakula. Mara ya tatu, mara ya nne. Kila nikibonyeza ilitoa ule upepo wake, niliusikia, nilihisi baridi yake kwenye vidole, na nilijiambia dawa inaingia. Ulikuwa unasema neno moja, unavuta, neno lingine, unavuta. Mabega yanapanda. Shingo inaingia ndani.

Halafu filimbi ikanyamaza.

Nkambo alisema, "Munaona? Kifua kimetulia. Mungu aksanti." Nami niliamini. Kabange, nilikuvalisha sare. Nilifunga vifungo vyako kimoja kimoja, nikakuchana nywele, nikasema tutawahi. Ulikuwa unanitazama tu, umechoka, na midomo yako imekuwa rangi ya majivu, na mimi nilidhani ni moshi umekushika uso. Nilipaka mafuta. Nilikupaka mafuta kwenye midomo.

Ulipoangukia bega langu ndipo nilipokimbia nje na miguu wazi. Kijana wa pikipiki alitubeba, wewe katikati, tumbo langu kwenye mgongo wako. Tulipopita kwenye kivuko cha reli nilihisi mgongo wako haunisukumi tena. Nilimwacha aendeshe mbio vilevile, niliogopa nikimwambia atapunguza.

Baadaye, wiki kama tatu, nilirudi hospitali peke yangu. Niliaga nakwenda kwenye mashine ya kusaga. Nilichukua pompe yako nikampelekea yule muuguzi mnene aliyekupokea, nikamwomba aniambie kwa nini dawa iliyokuponya mara nyingi ilikataa siku ile. Aliishika, akaitikisa kwenye sikio, akaibonyeza hewani mara mbili. Akaniuliza tuliipata lini, na ni nani aliyekuwa anavuta. Nikamweleza yote, mapasa, mstari, pff na pff. Nilidhani atanicheka au atanipigia kelele. Alifunga mlango kwanza, akakaa.

"Mama," aliniambia, "hii pompe ilikuwa tupu. Dawa iliisha zamani. Ilikuwa inatoa mupepo tu."

Alinieleza kwamba ikiisha haisemi. Inaendelea kupuliza vilevile. Alinieleza kwamba kifua kinachonyamaza wakati mtoto bado anahangaika hakijapona, hewa ndiyo imeacha kupita, hata filimbi haina cha kupigia. Na kwamba ile ya buluu ni ya kufungua mlango tu. Dawa yenyewe ni ile ya kila siku, ile ambayo hatukurudi kuchukua. Alisema kwa upole, lakini alisema yote. Nilimshukuru, nikaenda kweli kwenye mashine ya kusaga ili nisirudi na uongo na mikono mitupu.

Hilo ndilo jambo. Nusu ya dawa yako aliivuta mtoto aliyekuwa hana ugonjwa, na aliyempa ni mimi. Nimekaa nalo mwaka mzima. Wamama wakinipita wanasema pole Mama Mapasa, umeshikilia vizuri, hukulia. Nao hawajui nimeshikilia nini.

Sasa mambo yamebadilika, na siwezi kukaa kimya tena.

Mwezi wa saba, wakati wa vumbi na mioto ya porini, Kyungu alianza. Mara ya kwanza niliposikia ile filimbi nilikuwa namenya mihogo, nikaacha kisu, nikageuka nikidhani ni wewe umeingia. Ilikuwa yeye, amesimama mlangoni, mkono kifuani, anashangaa. Kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa imesema neno moja: "Mwenzake njo anamwita." Walisema kwa sauti ya chini, na walikuja kumwangalia kama watu wanaoangalia mtu aliyefunga mizigo. Mama Ngoie alileta ndizi, moja ya Kyungu na moja yako, akanishika mkono muda mrefu. Nilielewa kwamba ananipa pole mapema.

Nkambo alitoa udongo mweupe, ule pemba, akampaka Kyungu kwenye paji la uso na mikono. Alitaka tumpeleke kijijini kwao, akae huko mwezi mzima, waongee na wewe, wakuombe umwachilie. Pemba sikukataa. Kuongea na wewe pia sikukataa, nami si ndivyo ninavyofanya hapa? Lakini najua ile nyumba ya kijijini. Moto hauzimwi ndani, watu wanalala kuuzunguka, na kutoka pale mpaka hospitali ni siku nzima ya baiskeli. Nilisema hapana. Nilisema kwa heshima, nimepiga goti moja, lakini ilikuwa hapana. Baba yenu alikuwa kwenye reli, hakukuwa na mtu wa kusimama nyuma yangu. Asubuhi nilimbeba Kyungu mgongoni, na ukubwa wake wote, na pemba usoni, nikampeleka kwa yule muuguzi.

Safari hii nilirudi baada ya wiki mbili. Nimekuwa nikirudi kila ninapoambiwa. Sasa kuna pompe mbili: ya buluu ya shida, na ya kahawia ya asubuhi na jioni hata akiwa anaruka kamba. Muuguzi alinionyesha kutoboa chupa ya maji ya plastiki na kuingiza pompe kwenye tundu, mtoto anavuta kwenye mdomo wa chupa polepole, dawa isiishie kwenye ulimi. Kila akivuta napiga mstari kwenye karatasi nyuma ya mlango, ili nijue itaisha lini kabla haijaisha. Dirisha la chumba liko wazi, na baridi iingie ikitaka. Nyuma ya tanuru hatupiti. Mwalimu wake nimemwambia, na ya buluu iko kwenye mfuko wake wa shule.

Lakini jioni ya kwanza ndiyo ilikuwa ngumu. Kyungu alivuta yake vizuri, akahesabu na vidole kama alivyofundishwa. Akashusha chupa, akanitazama. "Na ya Kabange iko wapi?"

Hakuwa anacheza. Kila kitu tunakigawa, amekua hivyo. Nkambo alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage, na mikono yake ilisimama. Kwake ilikuwa jambo dogo tu: nibonyeze mara moja hewani, niseme hii ni ya Kabange, tulale kwa amani. Mara moja asubuhi, mara moja jioni. Niliona kidole changu kiko juu ya pompe. Kabange, kilikuwa kinataka. Ningekupa kitu chochote jioni ile.

"Ya Kabange haiko, mwanangu," nilimwambia. "Hii njo dawa ya Kyungu peke yake."

Nkambo aliweka ungo chini. Alisema nimechagua. Alisema mama wa mapasa hachagui, na kwamba nikimzika wa pili nisimtafute aje kuimba. Kyungu alikuwa anasikia yote. Basi ndipo nilipolisema, lile jambo lako na langu. Nilimwambia pompe ilikuwa tupu siku ile, na ilikuwa tupu kwa sababu niliigawa, na kwamba hukuondoka na hasira yoyote, uliondoka kwa kukosa hewa. Nilisema hivi: "Mama, Kabange alikufa." Neno lenyewe, ndani ya nyumba. Halafu nililia mbele yake, kwa sauti, mpaka Kyungu akanishika sikio kama alivyokuwa anafanya akiwa mchanga.

Nkambo alirudi kwenye maharage yake. Hajanijibu mpaka leo. Chakula anapokea, salamu anapokea, maneno hapana. Wamama wa kambi wamesikia, sijui kwa nani, na wengine wakichota maji wanangoja nimalize kwanza. Ile "Mama Mapasa" siisikii sana siku hizi. Nikuambie kweli, ninakuwa peke yangu kuliko nilivyokuwa nilipokuwa naficha. Baba yenu nilimwambia alipokuja. Aliuliza tu kama aliyeipata ile pompe naye ana kosa. Nikasema hapana. Hakuniambia kama mimi ninalo.

Ila juzi niliamka nikakuta mbabula haipo chumbani wala jikoni. Nkambo ameitoa yeye mwenyewe mpaka nyuma kabisa, karibu na ukuta, amechuchumaa pale kwenye baridi na kitenge kichwani, anapika uji. Hakugeuka. Nilichukua kiti nikamwekea, akakikalia. Ni hivyo tu. Sijui ni nini, sitaki kukuambia ni kikubwa.

Kyungu mwezi huu amepata shida mara moja tu, na ilipita kabla sijafunga viatu. Hajapona, najua sasa kwamba haiponi hivyo, inalindwa. Usiku nikimsikia anapumua nasikiliza mpaka nachoka, na nikichoka naogopa.

Sasa nisikilize vizuri, maana nitaenda kumpokea Kyungu shuleni.

Sahani yako nitaiweka. Kitambaa nitakata, ndizi nitanunua mbili, na siku ya mapasa nitawaimbia wote wawili. Lakini dawa ya Kyungu sitakugawia hata tone, leo wala siku yoyote, hata watu wakiacha kunisalimia wote. Hiyo ndiyo ahadi yangu, nampa yeye, na nakuomba wewe uwe shahidi. Nakulilia pia kuanzia sasa, wazi, kama watoto wengine wanavyoliliwa. Ulistahili hilo tangu siku ya kwanza.

Mimi siamini kwamba unamwita. Nakujua, ulikuwa unamwachia upande mzuri wa kitanda. Lakini kama watu wanasema kweli, kama huko ulipo unajisikia peke yako na unatafuta wa kumwita, basi mwache Kyungu. Niite mimi, mama yako niliyekosa. Nitakusikia, nitakuitikia, na nitakuambia ungoje, maana bado nina mtoto wa kulea.

Lala, mwanangu.

Mama yenu